Kura kwa Aliyewapa Mgongo

"Sema kwa lugha ya watu," Mama Mkasi alisema, akiigonga meza kwa kalamu. "Usinitajie mara uzito wa maudhui, mara upana wa dhamira. Sema kwa nini hutaki ishinde."

Mhakiki alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Kwa sababu ni hadithi ya watoto, mama. Zimwi linasimama getini limewapa watu mgongo, basi, sinema imeisha. Tuzo ya filamu bora ya mwaka haipewi zimwi."

"Ya watoto? Mtoto gani alikimbilia chooni kabla taa hazijawashwa? Tulikusikia mpaka kwenye korido ukitapika."

"Nilikula kitu kibaya."

"Wote tulikula sahani moja ya biskuti, na mimi nilikula nyingi kuliko wewe."

Mtunzi wa muziki, aliyekaa kulia kwake, akacheka peke yake. Wengine walitazama meza.

Walikuwa waamuzi watano katika chumba cha juu ya jumba la sinema. Jua la adhuhuri lilikuwa limejaa dirishani, na kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Mama Mkasi aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa mhariri wa filamu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akikata picha za wenzake bila huruma. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba mke wake angeweza kumkata katikati ya sentensi na mshono usionekane. Mbele yake walikaa wapinzani wake wawili: Mhakiki wa gazeti, na Mwalimu, mwanamke mpole aliyefundisha maigizo chuoni. Kwenye kichwa cha meza alikaa Mwenyekiti, mwigizaji mkongwe ambaye hata wasiomjua walimwamkia barabarani. Pembeni, Katibu alikuwa na kompyuta yake, akisubiri waache kuzozana ili aandike.

Zilikuwa zimebaki filamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hospitali: baba anakufa, wanawe watatu wananuniana kitandani pake, mwishoni wanashikana mikono. Filamu nzuri, safi kama shuka lililopigwa pasi, na ukifika mlango wa kutokea umeshaanza kuisahau.

Ya pili ilikuwa ile ya getini. Katika mji mdogo, kitu fulani kinakuja kusimama kwenye mageti ya watu. Kimevaa nguo za mtu unayemjua, na kimekupa mgongo. Watu wa mji wanajua jambo moja tu: maadamu hakuna anayekubali kwamba kipo, hakigeuki. Kwa hiyo wanapita kando yake na ndoo zao. Wanafagia kuzunguka miguu yake. Wanasalimiana juu ya bega lake wakiulizana habari za nyumbani. Hakuna damu, hakuna makelele, na hakuna anayeuona uso wake, mwanzo hadi mwisho. Mama Mkasi alikuwa na miaka mingi hajaona kazi iliyokatwa kwa mkono mtulivu namna ile, na alikuwa ameapa moyoni kwamba safari hii hatatoka chumbani humo na tuzo za kufutia machozi.

"Kila mwaka ni wimbo uleule," aliendelea. "Filamu ya mizimu ikitushinda nguvu, tunaipa tuzo ya mavazi. Tunaipa ya sauti. Tunaipa ya vipodozi. Halafu ile kubwa tunampa mgonjwa."

Simu yake ikatetemeka juu ya meza. Alikuwa kitinda mimba wake, msichana aliyebaki nyumbani peke yake na mguu kwenye plasta, na asubuhi yote alikuwa hajamwacha mama yake apumue.

"Enhe, sasa unatafuta nini?"

"Chaja."

"Iko palepale ulipoiacha. Usinipigie mpaka nyumba iwake moto." Akakata. "Samahanini. Mhakiki, endelea kutudanganya."

Mhakiki akaona haya, na haya zikamtia hasira. "Sawa. Unataka ufundi, tuongee ufundi. Filamu nzima wanatuficha uso, vizuri. Halafu mwishoni wanaharibu kila kitu. Kile kibibi kinageuka, hakina meno, kinamchekea mtu. Ule ni ujanja wa bei rahisi."

"Kibibi gani?" Mama Mkasi aliuliza.

"Kibibi kilichogeuka."

"Hakuna aliyegeuka."

"Mama, nina macho."

"Nami nina kazi. Picha ya mwisho ni mgongo, geti, vumbi, giza. Niliifuata filamu ile mkato kwa mkato, sikuacha hata mmoja. Hakuna uso."

"Hakikuwa kibibi," Mwalimu alisema polepole. "Alikuwa mtoto. Kavaa fulana ya kijani, vifungo vimepishana." Akaweka kiganja mdomoni, kama mtu aliyetapika maneno bila kutaka.

Hakuna aliyemwuliza mtoto huyo ni wa nani. Wote waliomjua Mwalimu walijua kwamba zamani alikuwa na mtoto mmoja.

Mama Mkasi aliwatazama mmoja mmoja. Mwili ulimsisimka kidogo, naye akausema vibaya moyoni kwa kusisimka. "Na wewe, Mzee?"

Mwenyekiti alikuwa akikunja karatasi ya kura, akiikunjua, akiikunja tena. "Mimi nilimwona kaka yangu," alisema. "Ana kovu lake hapa, kwenye nyusi. Hata shati ni lile tulilomzika nalo."

"Mtunzi?"

"Mimi dada, unanijua," Mtunzi alisema. Hakuwa akicheka tena. "Sinema naisikiliza. Nilikuwa nimefumba macho mwanzo hadi mwisho."

Basi ikawa hivyo: walioipenda filamu ile walikuwa wawili, mmoja alihesabu mikato na mwingine hakutazama. Mama Mkasi alisukuma kiti nyuma. "Haya, twendeni chini. Kijana wa mitambo bado yupo. Aturudishie dakika tano za mwisho, tumalize huu upuuzi."

Hakuna aliyeinuka.

"Dakika tano tu!"

"Binti yangu, kaa," Mwenyekiti alisema. Sauti ile iliyojaza majukwaa ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya mgonjwa. "Unadhani sisi ni wajinga? Unadhani miaka yote hii hatukujua kipi kizuri na kipi kimepigwa pasi? Si zote ziko hivi. Nyingi ni vinyago na moshi tu, na hizo zinashindwa kwa haki. Lakini kila baada ya miaka kadhaa inakuja moja ambayo imegusa kitu. Aliyeitengeneza mwenyewe hajui amegusa nini. Sisi tunaoitazama ndio tunaojua. Kwa hiyo tunasema ni ya watoto, tunaipa mavazi, tunakwenda kulala."

"Kwa nini msiipe tu haki yake?"

"Kwa sababu tuzo kubwa ni kusema mbele ya watu wote kwamba yupo."

Ndoo ya kiyoyozi ilikuwa ikidondokewa, tone, tone.

"Mwaka mmoja tulisema," Mzee akaongeza. "Tulikuwa na roho ngumu kama yako. Wakati huo waamuzi tulikuwa saba."

"Sasa ni watano," Mtunzi alisema.

"Ndiyo. Tuliwaambia waandishi wa habari ni kubana matumizi."

Mama Mkasi aliweka kalamu chini. Akajikaza. Alikuwa amewalea wanawe peke yake, alikuwa amelala vyumba vya kuhariri ambamo waliokufa waliongea usiku kucha kwenye skrini, na hakuwahi kumkimbia hata mmoja. "Wazee wazima," alisema. "Mmeona uso kwa sababu mna majonzi. Filamu nzuri huchokonoa majonzi, hiyo ndiyo kazi yake. Na badala ya kumshukuru aliyeifanya, mnamnyima. Aibu! Katibu, tupige kura. Anayetaka ile ya getini, mkono juu."

Akainua mkono wake. Mtunzi, kwa kusitasita, akainua wake.

Simu ikatetemeka tena. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa bado hewani.

"Nyumba inaungua?"

"Mama, umesahau funguo?" Msichana alikuwa akihema, alikuwa ametoka kibarazani kwa magongo yake. "Mbona husemi? Nakuita, nakuita, umesimama tu."

"Nimesimama wapi?"

"Si hapo getini! Acha mchezo basi. Umenipa mgongo na simu sikuoni nayo." Magongo yakasikika yakiteremka ngazi. "Mama. Unaongeaje kama huna simu?"

Jua lilikuwa lilelile dirishani, lakini Mama Mkasi alihisi baridi ikianzia kwenye visigino. "Amevaa nini?"

"Gauni lako la leo. La bluu, lenye mfuko ulioshonwa upya."

Aliangalia chini. Uzi wa mfuko ule alikuwa ameukata kwa meno mwenyewe jana yake. "Ingia ndani," alisema, na sauti yake ikatoka ya kawaida, ya kuamrisha vyombo vioshwe. "Usimwite tena."

"Nimeshamwita mara tano!"

"Usimwite. Ingia ndani."

"Ngazi, mama. Nimeziteremka, kupanda siwezi haraka."

Mwenyekiti alikuwa hasikilizi simu. Alikuwa akiutazama mkono wa Mama Mkasi kama mtu anayetazama maji akiwa na kiu. "Unasema kweli," alisema. "Tumekuwa waoga. Na mimi nimeshakula chumvi nyingi, nina nini cha kupoteza? Kaka yangu alikufa tumenuniana." Machozi yalikuwa yakimteremka bila yeye kuyafuta. "Ningependa anitazame tena. Ningependa sana." Akaanza kuinua mkono.

"Mama," msichana alisema sikioni mwake, kwa sauti ndogo, "anageuka."

"Mzee, shusha mkono!"

"Ni watatu sasa," Katibu alisema, akitazama kompyuta yake. "Watatu kwa wawili. Niandike?"

"Usiandike!"

"Anageuka polepole, mama. Naona sikio. Amevaa hereni zako."

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mhakiki alikuwa ameshika ukingo wa meza, akimtazama Mama Mkasi bila chuki yoyote, kama mtu anayemtazama mwenzake akiingia foleni ambamo yeye mwenyewe amesimama siku nyingi. Filamu ile ilikuwa bora. Aliyeitengeneza alikuwa ameketi mahali fulani mjini humo akisubiri simu, na alistahili kupigiwa. Mama Mkasi alilijua hilo, akalitazama mara moja, akalikata kama alivyozoea kukata picha nzuri isiyo na nafasi.

Aliushusha mkono wake. "Nabadilisha," alisema. "Kura yangu ni ya hospitali."

"Dada!" Mtunzi akamaka.

"Ya hospitali, nimesema! Katibu, andika sasa hivi, kwa sauti, nisikie."

"Filamu ya hospitali, kura tatu," Katibu alisema huku vidole vikikimbia. "Ya getini, mbili. Niweke sababu gani?"

"Weka yoyote," alimjibu. "Kuna kitu getini kwangu?" aliuliza kwenye simu. Halafu akajirudi haraka. "Hapana, usinijibu. Usiangalie huko. Niangalizie mlango wa nyumba. Unauona?"

"Nauona."

"Uendee. Gongo la kulia, mguu, gongo la kushoto. Niambie umekula nini leo."

"Mama, yule—"

"Nimekuuliza umekula nini!"

"Mkate," msichana alisema, akilia. "Na chai. Bila sukari, sikuiona sukari." Magongo yaligonga sementi, yakagonga tena. Kisha mlango ukajifunga, kitasa kikalia, na pumzi ya msichana ikawa karibu, ikiwa na mwangwi wa chumba.

Mtunzi alikuwa ameshashusha wake, lakini Mwenyekiti alikuwa bado ameinua mkono peke yake. Hakuna aliyethubutu kumwambia aushushe.

"Ile nyingine tuipe mavazi?" Mhakiki aliuliza taratibu.

"Ipeni mavazi," Mama Mkasi alisema. Alikuwa ameshasimama, mkoba begani, simu ikiwa imebanwa kwa bega. Alichukua kalamu ya Katibu, akatia sahihi mahali pa kutia sahihi, akaanza kuteremka ngazi mbilimbili, akimwuliza mwanawe kama mkate ule ulikuwa wa jana au wa leo.