Maziwa ya Chelel

Watu wengine wakishapata kochi na kitambaa cha kufunika kochi, wanasahau kwamba walilelewa juu ya ngozi ya ng'ombe. Wifi yangu Nelvine ndiye mkubwa wao. Alizaliwa Ndanai, kwa boma ambalo hata mbwa alikuwa amekonda, lakini tangu ndugu yangu Noah afanywe supervaiza kwa shamba la chai huko Kericho, Nelvine anaongea kupitia puani na kuangalia ugali kama mgeni asiyejulikana ametoka wapi.

Mimi na Mama tulifika kwake Jumamosi asubuhi tukitoka Siongiroi. Hatukuenda kutembea. Tulienda kuona ng'ombe. Mama alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja tu, mweupe, jina lake Chelel, wa uzao wa yule ambaye babake alimpa siku alipoolewa. Kiangazi kilipomaliza nyasi ya kwetu Chepalungu, Noah alikuja na pikapu akamchukua Chelel, akasema huku juu mvua haikauki, atamtunza mpaka kwetu kuwe sawa. Kwetu kulishakuwa sawa zamani. Kila tukituma neno, Noah anajibu, "Ng'ombe ako sawa, amenenepa." Mama akachoka na hiyo amenenepa. Akatoa kibuyu kipya, akakisugua ndani na makaa ya mti wa senetwet, vile mursik, maziwa yetu ya kuganda, inavyotaka, kwa maana sisi hatugandishi maziwa kwa chombo chochote tu. Akaniambia, "Chepchirchir, twende nikakamue ng'ombe wangu kwa mkono wangu kabla sijafa."

Nelvine alitupokea mlangoni amevaa aproni nyeupe pe pe pe.

"Chamgei, Mama! Wifi! Mbona hamkusema mnakuja?"

"Kwani mtu huomba ruhusa kwenda kwa mtoto wake?" Mama akasema. "Ng'ombe wangu ako wapi?"

"Ako, Mama. Ako kwa rafiki ya Noah, huko chini kwenye nyasi nzuri. Noah akitoka kazi saa ya chakula atawapeleka. Ingieni, mna bahati! Leo kuna darasa."

Darasa! Mimi nikafikiri ni la Biblia. Kumbe ni la mapishi, na si mapishi yetu, ni ya Albania. Usiniulize Albania ni wapi. Nilimwuliza Nelvine akasema, "Ulaya, hapo tu kando ya Italia," akapunga mkono upande wa choo. Kiwanda kilikuwa kimeleta injinia wa Ulaya kufunga mashine mpya, na mke wake, Drita, alitoka huko Albania. Nelvine alikuwa amemganda huyo mama kama kupe. Kwa gesti walikokaa, mpishi hakutaka mtu aguse sufuria zake, basi Nelvine akaruka juu: njoo kwangu, mimi niko na oveni.

Ndiyo, oveni. Kitu cheupe, kikubwa, cha gesi, kimesimama jikoni kimefunikwa kitambaa cha kufuma, ungedhani ni altari. Bilhah, Mkisii mpole wa nyumba ya pili, mke wa karani wa stoo, alikuwa ameitwa darasani pia. Aliipapasa ile oveni akasema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa. Noah amejikaza kweli." Nelvine akacheka kidogo, akageuka kuangalia dirisha.

Hata ukuta wake ulinichefua. Alikuwa ametundika vibuyu, vibuyu vya watu, vimepakwa vanishi, na midomoni mwavyo ameingiza maua ya plastiki. Mama aliviangalia mpaka nikaona aibu kwa niaba ya Nelvine, kwa sababu mwenyewe aibu hana.

"Hivi vinatumika kwa nini?" Mama akauliza.

"Ni vya kupendeza tu, Mama."

"Vya kupendeza," Mama akarudia, akakivuta chake karibu na kifua.

Basi tukakalishwa kwa viti kama watoto wa nasari. Drita alikuwa mama mnene wa uso mwekundu, Kiingereza chake kimekatikakatika kama changu, kwa hivyo alifundisha na mikono, na tulielewa vizuri kabisa. Lakini Nelvine angenyamaza? Mama wa watu akigeuza nyama ya kondoo kwa siagi, Nelvine anatangaza, "Anageuza nyama!" Akitia chumvi, "Anatia chumvi!" Akitia mchele, "Mchele huo!" Aki, nusura nimwulize kama sisi ni vipofu. Mimi nimepika tangu nilipoweza kuinua mwiko, halafu nifundishwe kwamba chumvi ni chumvi.

Halafu Nelvine akaleta bakuli la maziwa mazito, yameganda. Mama akainuka kwenye kiti.

"Hayo ni ya Chelel?"

Sasa hapo Nelvine alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Lakini mgeni anaangalia, Bilhah anaangalia, na maringo hayana breki.

"Ndiyo, Mama! Maziwa ya ng'ombe wako kabisa. Si tulikwambia amenenepa?"

Mama akatabasamu. Tangu Siongiroi sikuwa nimeona meno yake. Akaegemea fimbo yake akimwangalia Drita akivunja mayai ndani ya yale maziwa na kuyapigapiga, na mimi pia nikatulia kidogo, nikasema moyoni, basi Mungu mkubwa, ng'ombe yuko. Ndipo Drita akainua bakuli juu ya ile nyama akamwaga yote.

"Wooi!" Mama akapiga nduru. "Wooi, wananiulia ng'ombe!"

Kwetu nyama na maziwa havikutani. Ukila nyama leo, maziwa utayangoja kesho, na kuvipika chungu kimoja ni jambo la mtu aliyerukwa na akili. Na ukifanya hivyo, anayeumia si wewe uliyekula. Ni ng'ombe aliyekupa yale maziwa. Titi linavimba, maziwa yanatoka na damu, ng'ombe anaweza kufa. Mimi nimeokoka, kanisa siachi, lakini sijawahi kujaribu.

Drita alifikiri Mama ameungua, akakimbilia maji. Nelvine akasukuma ile trei kwa oveni, akafunga mlango wake pwa.

"Mama, hayo ni mambo ya zamani! Sisi ni Wakristo."

"Ng'ombe wangu hajabatizwa," Mama akasema. "Nionyeshe mahali ako. Nikamwoshe titi na mkono wangu, nimtemee majani ya dawa, pengine bado atapona. Nionyeshe!"

"Tungoje Noah."

"Wewe utangoja. Titi halingoji."

Akachukua fimbo na kibuyu chake akatoka nje kwenye mvua. Nikamfuata. Alienda akishuka kando ya chai, mzee wa watu, anateleza, anaita, "Chelel! Chelel!" kama vile huitwa ng'ombe jioni. Wachumaji wakasimama na vikapu mgongoni wakituangalia. Noah alikuwa anapanda njia kuja kula, akamshika Mama mikono yote miwili.

"Mama, unaenda wapi na mvua yote hii?"

"Kwa Chelel. Mke wako amepika maziwa yake na nyama. Nipeleke."

Noah akaanza kujikuna shingo. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, na tangu zamani zile, Noah akiwa na uongo mdomoni shingo inamwasha.

"Kwanza twende nyumbani ukauke," akasema.

"Noah, mimi sijawahi kukuomba kitu," Mama akasema. "Leo nakuomba. Hata kama ni mbali, nipeleke sasa." Akalia, mtu ambaye hata kwa mazishi ya Baba hakulia mbele ya watu. Ndugu yangu, supervaiza, mwanamume wa buti na kofia, akaangalia chini akaendelea kujikuna. Nilimdharau siku hiyo kuliko hata mke wake.

Nelvine alikuwa ametufuata na mwavuli. Wachumaji walikuwa wanasikia kila kitu, na hicho ndicho kilichomshinda, si machozi ya Mama.

"Mama, wacha basi! Wacha kututia aibu! Hayo maziwa si ya Chelel! Ni ya pakiti, ya dukani, nimeyagandisha mimi mwenyewe. Chelel hayuko! Tulimwuza zamani, mwezi wa kumi na mbili."

"Kwa nani?" nikauliza.

"Kwa watu wa bucha, huko Silibwet."

Mvua ilinyesha tu. Mama aliacha kulia. Alipangusa uso na kanga, akageuka akapanda kurudi nyumbani polepole, na sisi nyuma yake kama watu wanaotoka mazishini. Bilhah alikuwa mlangoni.

"Bilhah," nikamwambia, "hii oveni ililetwa lini?"

Akamwangalia Nelvine, akaangalia miguu yake mwenyewe. "Ilikuja karibu na Krismasi," akasema.

Drita, ambaye hakuelewa neno hata moja, alitoa ile trei. Ilikuwa imeumuka, imekuwa rangi ya dhahabu juu, na harufu yake ilijaza nyumba. Akatuangalia sisi wote na ule uso mwekundu, akingoja tuseme kitu. Mama akakaa mezani na nguo zake zimelowa.

"Nipatie sahani," akasema.

"Mama, usile!" nikamwambia. "Nyama na maziwa!"

"Mwiko ni wa kulinda ng'ombe, Chepchirchir. Mimi nalinda nini? Keti ule."

Akala. Alikula yote, akapangusa sahani na kidole, akamshika Drita mkono. "Umepika vizuri, mama. Wewe huna kosa." Mimi pia nikala, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba kilikuwa kitamu. Nelvine hakutangaza chochote. Noah alisimama mlangoni na kofia mkononi, na Mama hakumwambia akae wala asimame.

Alipomaliza, alienda kwenye ule ukuta. Akachomoa ua moja la plastiki kwenye kibuyu cha Nelvine, akalitia kwenye mdomo wa kibuyu chake kipya, kile alichokisugua makaa siku nzima akiwaza Chelel. Akakitundika kwenye msumari pamoja na vingine, akakinyoosha kikae sawa.

"Cha kupendeza," akamwambia Noah. Kisha akaniambia nichukue fimbo yake, twende nyumbani.