Mama wa Kuazima

Muthoki alimfuata Wacera hadi ofisini kwa mwalimu. Ikijulikana je, ee Mungu? Jumanne alisimamishwa asome mbele ya darasa, herufi zikamchezea kama kawaida yao, wenzake wakamcheka, naye akamtupia mmoja kitabu usoni akatoroka. Mwalimu Nekesa, aliyekuja muhula huu na hajamwona mama yake, akasema: Ijumaa, bila mama usije. Na mama yake, Kavindu, alishaapa kwamba akiitwa shuleni tena, mtoto ataacha masomo aende Mwingi kuchunga mbuzi wa nyanya yake. Miaka kumi na mitatu tu, masomo yaishe hivyo!

Ndipo akamwazima Wacera, muuza mitumba wa soko la Gikomba ambaye Muthoki humsaidia kukunja nguo kila Jumamosi. Mwanamke wa maneno huyo, woga haujui.

"Wewe nyamaza tu," Wacera alimnong'oneza mlangoni. "Leo mimi ndiye mathe wako. Nitakugombeza mpaka mwalimu akuonee huruma."

Na kweli aligombeza, lakini Mwalimu Nekesa alimkatiza kwa upole.

"Mama, sikukuita nimfukuze. Nadhani mtoto huyu si mjinga wala mkaidi. Kuna watoto ambao herufi huwachanganya, na yupo mwalimu wa kuwasaidia. Ila nafasi imebaki moja, na fomu inauliza alivyokua. Alianza kusema lini?"

Muthoki alimgeukia Wacera. Hadithi hiyo mamake huisimulia kila Krismasi: miaka minne bila neno, majirani wakidhani ni bubu.

"Ngai! Huyu?" Wacera alijipiga kifua. "Mwaka mmoja tu, tayari ananijibu!"

"Na kwenu, yupo aliyepata shida ya kusoma?"

"Aka! Sisi wote ni wasomi."

Mwalimu alishusha pumzi, akafunika kalamu. "Basi dalili hazipo, labda ni utundu tu. Nafasi nitampa mwingine."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Muthoki akafungua kinywa. Wacera alimkanyaga mguu anyamaze.

"Nilichelewa kusema," Muthoki akasema, machozi yakimtoka. "Miaka minne, mwalimu. Na mama mwenyewe kusoma kulimshinda. Muulize."

"Mama yako si huyu hapa?"

"Siye. Mama yangu ni Kavindu, anauza mboga mtaani kwetu. Mwite, mwalimu. Hata akinipeleka Mwingi, mwite tu."