Panzi na Ghala

Mwenye nyumba alipotaka nusu ya ua ajenge vyumba vya kupangisha, Mama Pacha alijua gari moja kati ya mawili yanayolala humo lazima liuzwe. Na alijua mumewe angeuza lipi, maana yule bwana kwa wema hajambo, ila mambo ya ndoa mpaka umtafunie.

Magari yenyewe, wee, mbingu na ardhi! Panzi lilikuwa gari la spoti la zamani, viti viwili tu, paa la turubai, jepesi hata likizama topeni wanaume wachache wanalinyanyua. Ukikaa ndani uko karibu na lami, kila kokoto unaisikia kiunoni. Ghala lilikuwa kubwa, kuukuu, safu tatu za viti, linakunywa mafuta kama limetumwa, lakini hakuna mlima linaoukataa. Wala mtu. Shangazi wa mume, viti vya msiba, magodoro ya majirani, wanakwaya na ngoma zao, wote humo humo. Na adabu ni adabu, mkubwa hukaa mbele. Mama Pacha alikuwa anazeekea safu ya tatu.

Jumamosi mnunuzi alikuja kuliona Panzi. Akamkuta Mama Pacha ndani, mkoba mapajani, mkanda amefunga.

"Toka basi, mke wangu, mgeni alikague," Baba Pacha alisema.

"Sitoki."

"Jamani! Gari lenyewe lina faida gani? Halibebi watu!"

"Ndiyo faida yake hiyo! Tangu wanetu waondoke hujaniendesha mimi, Baba Pacha. Unaendesha ukoo. Mimi niko nyuma na tairi la akiba. Nimekukumbuka, mwenzio, na tunalala kitanda kimoja!" Hakutaka kulia mbele ya mgeni, lakini alilia.

Mnunuzi, masikini, akajifanya anakagua matairi ya Ghala. Mara shangazi akatoka ndani, amejipamba, mwavuli mkononi, safari ya kwa shoga yake.

"Haya, mwanangu, twende. Mimi nakaa wapi?"

Mazoea yana taabu. Mama Pacha alishafungua mkanda na mlango, mguu mmoja uko nje, ampishe mkubwa. Baba Pacha akamwinamia, akaurudisha ule mguu ndani taratibu, akafunga mlango.

"Leo hakuna nafasi, shangazi," alisema.

"Makubwa!" shangazi aliguna, akaenda kukaa barazani na mwavuli wake.

Baba Pacha aliingia kwa kujikunja, mabega yao yakagusana. Wote wawili waliona haya kama wachumba.

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?" aliuliza.

"Ningekuambia saa ngapi?" Mama Pacha alisema, akifuta macho. "Kila siku tulikuwa wengi."

Baba Pacha akamwonyesha mnunuzi Ghala kwa kidole, akawasha gari.