Makofi ya Giza

Saa sita mchana Igoki alikuwa ameketi mlangoni pake akichambua ndengu kwenye uteo, kwa tochi nyekundu. Kwa mwanga huo ndengu nzima na iliyooza zilifanana, na kijiwe nacho kilifanana nazo, kwa hivyo alichambua kwa vidole. Juu yake nyota zilikuwa zimejaa. Kuku walikuwa bado wamelala kwenye mti wa mukau, kwa sababu kuku hashuki kabla hakujakucha, na katika kijiji hicho cha chini ya Gachoka hakukuwa kumekucha tangu mwaka wa lile baraza. Watu walizoea kuwarushia mtama hukohuko juu.

Lilikuwa baraza la kawaida. Kituo cha elimu ya sayansi ya anga kilikuwa kimemaliza kujenga kuba lake jeupe kilimani, na mkurugenzi wake, Daktari Muchangi, alikuja kujitambulisha kwa majirani. Alisema kwa upole kwamba nyota zinahitaji giza, na kwamba giza la hapo lilikuwa safi kuliko la Meru mjini, ambako taa za uwanja wa Kinoru zimeharibu anga lote. Akaomba wanakijiji wakipe kituo giza lao. Naibu wa chifu, Nthiga, alikuwa akitafsiri kwa Kimbeere. Kabla ya kufika mwisho wa sentensi aliagiza makofi ya kilo, yale ya kupigwa kwa mpigo mmoja, na watu wakapiga, maana baraza lisilo na makofi huwa haliishi, na chai ilikuwa inapoa. Igoki alipiga pia, akiwa na mimba ya binti yake Wanja. Wakafunga kwa maombi.

Kesho yake jua lilichomoza, likafika kwenye barabara ya lami, likasimama kidogo, kisha likapita kando.

"Si tulipiga makofi?" alisema mzee Hezekiah, akarudi ndani kutafuta sweta.

Kituo hakikuwa na roho mbaya. Kiligawa sweta zenye nembo yake. Kiligawa tochi nyekundu kila nyumba, kwa kuwa mwanga mweupe hupofusha darubini. Ndengu za wanakijiji zilipotoa majani meupe na kulala chini, kilileta ndengu za msaada. Mabasi ya shule yalitoka Embu na Kanyakine, wanafunzi wakaitazama Zohali saa ya chakula cha mchana. Watoto wa kijiji walifundishwa bure: walijua majina ya miezi ya Mshtarii, na hawakuwa wamewahi kuona vivuli vyao.

"Mimi silalamiki," alisema Eunice jirani. "Tangu giza liingie, mzee wangu anasema nimekuwa mrembo."

Lakini Wanja alichelewa kutembea. Igoki alipomwogesha, vidole vyake vilipita kwenye muundi na kukuta umepinda. Alipomulika kwa tochi, mguu ulionekana umenyooka, kwa sababu wekundu ule ulinyoosha kila kitu. Phyllis, nesi wa zahanati, alimpapasa mtoto naye akatikisa kichwa.

"Mama Wanja, huyu anataka jua la asubuhi. Mimi sina dawa ingine."

Kwa hilo pia kituo kilikuwa na mpango. Kila Jumamosi basi lake lilichukua watoto wadogo na kuwapeleka ng'ambo ya lami, kwenye jua. Lami ilikuwa mbali, na wazazi hawakuruhusiwa kupanda. Wanja alipelekwa msimu mzima. Kila aliporudi, Igoki alimpapasa, na kila mara vidole vilimwambia jambo ambalo tochi ilikataa.

Ijumaa moja mchana aling'oa miche yake ya muguka, ile ya majani ya kutafuna, ambayo ilikuwa imekauka kitambo, akairundika uani na kuiwasha. Moto ukapanda mweupe. Kuku wakashuka kutoka kwenye mukau, wakaanza kupekua. Igoki alimvua mtoto nguo, akamketisha kwenye leso. Wanja alikiona kivuli chake, akakipa ndengu moja. Igoki hakukitazama. Aliitazama miguu, iliyopinda kama pembe za ng'ombe, mpaka moto ukazimika.

Jumamosi Nthiga aliita baraza kando ya basi, ambalo lilikuwa limeshawashwa injini.

"Mama Wanja," alisema Daktari Muchangi, "wageni wetu jana walikuwa wameelekeza darubini kwa nyota moja tangu asubuhi. Moto wako umeifuta."

"Imekufa?"

"Hapana. Haikuonekana."

"Basi leo itaonekana. Haina miguu ya kuenda mahali."

Watu wakacheka. Nthiga hakucheka.

"Usimjibu daktari hivyo. Omba msamaha, mtoto apande basi. Ni neno dogo, unaweza kulisema hata ukipiga miayo."

"Kituo kinaiheshimu jamii," alisema daktari. "Tunaomba jamii nayo ikiheshimu kituo. Asiyeomba msamaha hatapandishiwa mtoto. Ni utaratibu tu."

Igoki alimgeukia dereva. "Huko juani huwa mnakaa muda gani?"

"Mpaka picha za watoto ziishe kupigwa," alisema dereva.

Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja alimpandisha mtoto wake ngazi, mwingine akafuata. Nthiga akaagiza makofi ya kumpa mama Wanja nguvu ya kusema, na watu wakapiga, Eunice na Hezekiah wakiwemo, kwa mpangilio mzuri. Igoki hakupiga, mikono yake ilikuwa imembeba mtoto. Alingoja mpaka yakaisha.

"Siombi msamaha," alisema.

Dereva alifunga mlango. Basi likaondoka na taa zake nyekundu kuelekea lami, ambako kulikuwa mchana.

"Sema hata nusu," Nthiga alimnong'oneza. "Nitawapigia simu warudi."

Igoki alimpandisha Wanja mgongoni, akakaza leso, na kushika njia iliyoshikwa na basi, kwa miguu.

"Hata nusu," alisema. "Siombi."