Birika la Muuguzi Mkuu

Kwetu Naryn, chai humiminwa na mdogo. Kwa hiyo nilipomwona Burulcha, muuguzi mkuu mwenye mvi kichwa kizima, akizunguka wodini na birika kuwamiminia wauguzi wadogo, nilichukia kweli.

"Wodi hii haina adabu!" nikamwambia Meerim, muuguzi aliyekuwa akinifunga bandeji mguuni. "Wewe na ujana wote huo unamiminiwa chai na mkubwa wako? Ungekuwa mkwe wangu, ungenitambua!"

Akacheka. "Mzee, hiyo sheria kaiweka mwenyewe. Ukikosea, mwenzako akikurekebisha, siku hiyo birika ni lako. Na wa kwanza kulibeba alikuwa yeye. Ndipo tukajua kumbe hata yeye anaambiwa akikosea."

"Na leo kakosea nini?"

Meerim akapunguza sauti. "Asubuhi ulikuwa umelala. Alikuja na sindano, nikamdaka mkono. Nikamwambia, 'Dada, siyo hiyo! Huyu mzee wa dirishani dawa hiyo haimkubali, itamuua.' Akanishukuru mbele ya wote."

Mzee wa dirishani ni mimi.

Burulcha akafika kitandani kwangu. Nikapokea bakuli la chai kwa mikono miwili. Birika lilikuwa zito. Meerim akainuka haraka kumpokea.

"Kaa chini!" nikamfokea. "Mwache mkubwa amimine."