Korekshoni ya Mwalimu Wamae

Sikuandika korekshoni ile, na mpaka leo hakuna atakayeniandikisha.

Shuleni kwetu, pale juu ya soko la Giakanja, ukikosa swali uliandika jibu sahihi mara tano kwa kalamu nyekundu. Mwaka 1994 Mwalimu Wamae wa kemia akaongeza sheria yake: asiyemaliza korekshoni za mtihani wa Kidato cha Pili hangesoma kemia Kidato cha Tatu. Angepelekwa darasa la upishi, na wasichana wengi walikuwa wameshapelekwa huko. Mimi nilitaka kemia. Nilitaka kuuza dawa mjini Nyeri nikiwa nimevaa koti jeupe, na upishi nilikuwa naufanya nyumbani bure.

Swali lenyewe lilikuwa rahisi. Tulitakiwa kutafuta uzito wa fomula wa kopa salfeti ya buluu, ile chumvi ya shaba iliyokuwa ndani ya chupa pale maabara tulimosomea kemia, ambayo fomula yake imeshikana na molekuli tano za maji. Shaba 64, salfa 32, oksijeni nne 64: jumla 160. Molekuli moja ya maji ni 18, mara tano ni 90. Nikaandika 250. Mwalimu akaikata kwa wino na kuandika 160, kisha akaandika hivyo hivyo ubaoni.

Nilikwenda mbele kumuuliza. Akasema maji hayo ni mgeni tu, si wa ukoo wa ile chumvi, na mgeni hahesabiwi. Darasa likacheka. Rafiki yangu Kaari, ambaye naye alikuwa na 250, akaanza haraka kuandika 160 kwa wino mwekundu. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

“Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe,” nikasema. “Hiyo maji iko kwa hiyo chupa tangu tuingie Form One, mwalimu. Si tuihesabu?”

Kicheko kilikatika. Mwalimu hakujibiwa hivyo kwetu. Akaniambia nina kiburi, basi nichague: kalamu nyekundu au upishi. Nikamweleza jinsi baba alivyorudi kutoka sokoni na magunia yake yote, kwa sababu mnunuzi aliuma punje moja ya mahindi, akaona hayajakauka, akasema yeye hanunui maji. Kama mnunuzi wa mahindi anajua maji yana uzito, mizani ya maabara haiwezi kushindwa. Nikaomba tupime.

Nadhani alikubali ili niaibike mbele ya wote. Tulipima gramu ishirini na tano za ile chumvi ya buluu, tukaziweka ndani ya kibakuli juu ya stovu, moto mdogo. Mvuke ukapanda. Buluu ikafifia polepole, ikabaki nyeupe kama unga wa ugali. Ilipopoa, mwalimu mwenyewe alisoma mizani, akafuta miwani, akasoma tena.

“Kumi na sita,” akasema.

Gramu tisa zilikuwa zimepanda darini. Tisa katika ishirini na tano, tisini katika mia mbili hamsini: hata waliolala darasani waliona.

Mwalimu Wamae akaninong'oneza kwamba nitapata alama zangu, na kemia nitasoma, sasa niende nikae. Ningeweza kwenda. Lakini ile 160 ilikuwa bado imekaa ubaoni, na Kaari alikuwa ameiandika mara tano.

“Yangu iko sawa, mwalimu,” nikasema, wote wakisikia. “Na hiyo ya ubao?”

Alinitazama. Mimi pia nilimtazama. Kisha akachukua kifutio, akafuta, akaandika 250.

“Korekshoni,” akasema bila kugeuka. “Mara tano. Nyinyi wote.”

Kalamu nyekundu zikaanza kukwaruza. Chaki nayo haikunyamaza: chini ya ile 250 ya kwanza mwalimu aliandika ya pili, halafu ya tatu. Nikarudi kwenye dawati langu, nikakunja mikono, nikamngoja amalize zake.