Mapigo Matatu ya Chura wa Chuma

Daktari bingwa alisema atapita saa nne asubuhi, na daktari yule akisema saa nne ni saa nne. Akipita, anasoma faili, anamtazama mdogo wangu, anaandika mstari mmoja. Mstari huo ndio ulionifikisha wodini saa mbili kasorobo, televisheni ndogo kwapani, mkoba wa nyaya begani, roho mkononi.

Nieleze upesi, maana mimi ni fundi wa friji, si mtu wa maneno mengi. Mdogo wangu wa kike ni mtunzi wa muziki. Wiki sita zilizopita mshipa ulipasuka kichwani mwake akiwa anapiga mswaki. Walimfanyia upasuaji, wakazuia damu, akafumbua macho. Basi, ikaishia hapo. Macho yanatazama dari, hayakufuati ukipita. Ukimwita haitiki. Ukimfinya anavuta mkono kama mtu yeyote aliyelala. Katika wodi ile wanawafundisha wagonjwa upya: kukaa, kumeza, kusema. Lakini kitanda hakipewi mtu asiyeonyesha dalili kwamba ndani mna mtu. Wiki sita zikiisha bila dalili, unapelekwa jengo la nyuma, lile la kijani, ambako wanakugeuza kila baada ya saa mbili, wanakulisha kwa mpira, na hakuna anayekusemesha. Nimelitembelea jengo lile. Ni safi, limetulia, na nilipotoka nilitapika nyuma ya gari langu.

Siku hiyo wiki ya sita ilikuwa inaisha.

Sasa, huo muziki. Miaka ishirini na moja iliyopita mdogo wangu alitunga muziki wa gemu. Gemu yenyewe ni ya kijitu chenye ndoo kichwani, kinapita kwenye mabomba na matangi, kinarukaruka, mpaka mwisho kinakutana na bosi: Chura wa Chuma, mnene, amejaza nusu ya kioo. Muziki wa pambano hilo ndio uliompa jina mdogo wangu. Watu walioicheza gemu hiyo wakiwa wanafunzi sasa wana vitambi, lakini wapigie sekunde tano tu za mwanzo uone watakavyokaa wima. Baadaye kila mtu akautia mkono. Orkestra ya watu tisini iliupiga. Kwaya ikauimba. Mpiga piano mmoja akaupoza, maharusi wakaingilia nao ukumbini. Jamaa mwingine akautilia filimbi, ukawa wa kwenye lifti za hoteli. Hata dawa ya mbu iliutumia kwenye tangazo la redio, jamani!

Na mimi, kwa akili zangu, niliona kilicho kikubwa ndicho kizuri. Muuguzi aliponiambia, "Kaka, mletee sauti anazozijua," nikamletea orkestra. Wiki nne nzima nilimvalisha hedifoni, watu tisini wakamvumia masikioni asubuhi na jioni. Kimya. Nikampigia kwaya. Nikampigia ile ya maharusi. Siku moja nilimpigia mpaka tangazo la mbu, nikajiona punguani. Hakupepesa hata ukope.

Juzi yake nilikwenda nyumbani kwake kumchukulia magauni ya kulalia. Kabatini, chini ya ile mashine ya zamani ya gemu, nilikuta nakala ya barua aliyomwandikia kiongozi wa orkestra. Mwandiko wake, hasira zake.

"Bwana mkubwa, nakushukuru kwa ngoma zako kumi na mbili, lakini umeniziba shimo langu. Muziki wangu unakwenda, kisha unanyamaza mapigo matatu, kisha unaendelea. Wewe hapo umejaza ngoma. Kwaya wamejaza aaa. Yule wa piano amejaza madoido. Mnadhani nilisahau? Hapo ndipo Chura anapoinama kabla ya kuruka. Kile kimya kinamwambia anayecheza: sasa, ruka. Sikuutunga watu wakae vitini wausikilize. Niliutunga ili kaka yangu asife."

Nilikaa sakafuni na magauni mapajani nikalia kama mtoto. Kaka yake ni mimi, hana mwingine.

Alipokuwa anautunga, alikuwa akinikalisha mbele ya televisheni, yeye pembeni na daftari lake. Kampuni ilikuwa na watu wake wa kujaribu gemu, wepesi wa mikono. Hakuwataka. "Wewe una mikono ya zege," aliniambia. "Nikikuokoa wewe nimeokoa dunia nzima." Nilikufa mara mia. Chura akiinama mimi natoa macho tu, na yeye ananikandamiza goti kwa kidole gumba, "Ruka, Mzito! Ruka!" mpaka goti likafanya alama. Kisha siku moja akaweka kile kimya, nami nikaruka bila kubonyezwa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hiyohiyo niliyosoma barua nilitafuta rekodi ya kwanza kabisa, ile yenye shimo lake, nikampigia kwa simu. Pumzi yake ikabadilika kidogo, au mimi ndiye niliyetaka ibadilike. Muuguzi alitikisa kichwa. Njiani kurudi nyumbani ndipo akili iliponijia: mdogo wangu hajawahi kuusikiliza muziki ule amelala kitandani. Ameusikiliza mtu akiwa karibu kufa, na mtu mwenyewe ni mimi.

Kwa hiyo nikaichukua ile mashine ya gemu kabatini kwake, nikaitia kwenye mkoba wa nyaya, nikaileta wodini.

"Nini tena hiki, kaka?" muuguzi aliuliza.

"Sista, naomba soketi moja."

"Hiyo ni ya pampu ya godoro."

"Ndiyo maana nimekuja na waya wa mita kumi. Mimi ni fundi, usinifundishe umeme!" Akanitazama. Nikashusha sauti. "Nisamehe, sista. Sijalala."

"Daktari akija akukute umezima."

"Daktari akija nitakuwa nimeshamfikia Chura."

"Umemfikia nani?"

Nilivuta kiti mpaka goti langu likagusa godoro. Nikanyanyua kitanda upande wa kichwa, nikauchukua mkono wake wa kulia, mwepesi, wa baridi, nikauweka juu ya goti langu, pale penye alama ya zamani. Nikawasha.

Mashine ile haikumbuki kitu. Ukizima umeanza upya, na unapewa roho tatu tu mpaka kwa Chura, safari ya saa moja na nusu kwa mtu mwenye mikono kama yangu. Roho ya kwanza niliipoteza kwenye bomba la kwanza kabisa, mbele ya macho ya muuguzi. Nilitukana tusi ambalo halifai kutukanwa hospitalini. Ya pili ilikwenda kwenye matangi ya tindikali, saa tatu na robo, nilipogeuka kumtazama kama anatazama. Hakuwa anatazama. Alikuwa na dari lake.

Imebaki moja. Jasho linanitoka mpaka pedi ya kuchezea inateleza mikononi. Nilijikaza. Nilipita mapipa, nikapita feni kubwa, nikapita ile ngazi inayobomoka ambayo sijawahi kuipita maishani mwangu, na sijui niliipitaje. Saa nne kasoro dakika mbili mlango wa chuma ukafunguka kwenye kioo, muziki ukaanza, na Chura akashuka kutoka juu akatikisa sakafu yote.

Lo, nilivyousikia muziki ule! Hauna orkestra wala kwaya. Sauti nne nyembamba za mashine, besi inakoroma. Lakini nywele zilinisimama.

Na mlango wa wodi nao ukafunguka. Daktari bingwa, mama mmoja mrefu, miwani kwenye paji, faili mkononi.

"Habari za asubuhi. Kaka, naomba uzime hiyo."

"Daktari, dakika tano. Nakuomba. Nikizima narudi mwanzo."

"Nina wagonjwa kumi na wanne."

"Dakika tano, halafu umpeleke unakotaka!" Sikuwa namtazama. Nilikuwa narusha kijitu changu huku na huku, nakikimbiza chini ya tumbo la Chura.

Ndipo muziki ukanyamaza. Pigo moja, mawili. Chura akainama.

Na nikahisi gotini. Si kugusa, ni kubonyeza. Kidole gumba. Nikaruka, Chura akapita chini, muziki ukarudi, na mimi nikapiga kelele wodi nzima ikashtuka.

"Amebonyeza! Daktari, umeona?"

Nilipomwibia jicho nikakuta miwani imeshuka puani na yeye amekitumbulia macho kioo cha televisheni.

"Usimtazame Chura!" nikafoka. "Mtazame yeye!"

"Samahani," alisema, na uso ulimwiva. "Niliicheza chuoni." Akaja upande wa pili wa kitanda, akainama juu ya ule mkono. "Endelea."

Nikaendelea. Mikono ya zege haikuwa inanitii. Chura alinigonga mara mbili, nguvu ya kijitu ikabaki mstari mwembamba. Kimya kikaja tena. Kidole kikabonyeza tena, na mimi nikaruka nikiwa nimechelewa, nikanusurika kwa unyoya.

"Hiyo je?"

"Nimeiona," daktari alisema. Hakusema kwa furaha. "Kaka, sikiliza. Wewe ukibonyeza pedi unaruka na mwili mzima. Kiti kinaruka, goti linaruka, mkono wake uko juu ya goti. Mgonjwa wa namna hii misuli hushtuka yenyewe. Siwezi kuliandika hilo kuwa ni kuitikia. Ningependa. Siwezi."

Nikasikia kalamu ikibofywa.

Sijawahi kumchukia mtu namna ile, na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nilikuwa narukaruka kitini kama kichaa, hata sikujua. Mdogo wangu alikuwa ananicheka kwa hilohilo zamani. Sasa nifanye nini? Nisipotikisika, sibonyezi. Nisipobonyeza, nakufa, na hii ndiyo roho ya mwisho. Kuanza upya ni saa moja na nusu, na daktari ataondoka, na mstari utakuwa umeandikwa.

"Daktari," nilisema. "Kama sijatikisika hata kidogo na yeye akabonyeza?"

Alifikiri. "Hapo nitakuwa na cha kuandika."

Nikaiweka pedi juu ya blanketi. Nikainua mikono yote miwili juu, kama mwizi aliyekamatwa. Nikaukaza mguu ukawa kama gogo. Muuguzi akasogea. Kwenye kioo kijitu kimesimama tu na ndoo yake kichwani, hakikimbii, hakijitetei, na Chura anakisogelea taratibu, besi inakoroma.

Moyoni nilikuwa namwambia: mdogo wangu, kama umo humo ndani, nipo mbele ya Chura na sina mikono. Kama ndani hamna mtu, basi nimekupeleka jengo la kijani kwa mikono yangu mwenyewe.

Muziki ukanyamaza.

Pigo la kwanza. Hakuna kitu. Mkono umelala gotini kama kitambaa.

Pigo la pili. Chura akainama. Hakuna kitu. Nilitaka kuidaka pedi. Jamani, nilitaka kuidaka!

Pigo la tatu, na kidole kikabonyeza. Mimi sikutikisika. Kikabonyeza tena, kwa nguvu. Chura akaruka, akakiangukia kijitu changu, muziki ukakatika, kioo kikawa cheusi. Kidole hakikuacha. Kilibonyeza na kubonyeza, kisha vidole vyote vikanikamata goti, kucha zikaingia kwenye suruali, na paji la uso wake, ambalo wiki sita lilikuwa laini kama la mtoto mchanga, likakunjana.

"Dada," daktari alimwita kwa sauti ndogo. "Dada, unanisikia?"

Hakumtazama daktari. Macho yalishuka kutoka darini polepole, kama kitu kizito kinachoteremshwa kwa kamba, yakapita televisheni, yakanifikia mimi. Nayajua macho yale. Yalikuwa yananiambia bila chumvi wala sukari kwamba mimi ni mjinga, kwamba alininyamazia kimya kizima mapigo matatu na bado nimeshindwa kuruka.

Machozi yalinitiririka na mikono yangu ikiwa bado juu. Sikujali nani ananiona.

Daktari alisimama wima. Akalifungua faili juu ya blanketi, akapiga mstari juu ya kitu alichokuwa ameshaanza kukiandika, akatazama saa, akaandika chini yake maneno mengi. Alipomaliza hakuondoka. Wagonjwa kumi na wanne walikuwa wanamngoja, na yeye amesimama pale na miwani yake.

"Sista," alimwambia muuguzi, "mpigie mtaalamu wa mazoezi, aje sasa hivi."

Goti lilikuwa linaniuma kwelikweli. Kidole gumba kilikuwa bado kinanichimba palepale, kimekasirika, hakitaki kunisamehe.

"Haya, haya, nimesikia," nilimwambia mdogo wangu. "Naanza upya. Safari hii nitaruka."

Nikanyoosha mkono nikaiwasha mashine.